Stendi ya Kupimia Msukumo wa Mota za Roketi Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mtu ambaye ameshawahi kurusha roketi ndogo za karatasi na mbao nyepesi, na sasa anataka kujua mota hufanya nini hasa ndani ya zile sekunde mbili za moto. Yote yanahusu mota za kiwandani zinazotumika mara moja, kuanzia daraja A hadi D, pamoja na E kwa aliyezoea. Anayechanganya baruti yake mwenyewe asome jibu linalomhusu kabla ya mengine yote.

Namba zimeshaandikwa kwenye mota. Kwa nini nihangaike kupima?

Kwa sababu namba hizo hazielezi umbo la msukumo. Chukua mota ya C6-5. Herufi C ina maana kwamba jumla ya msukumo wake (msukumo ukizidishwa kwa muda) ni zaidi ya nyutoni-sekunde 5 na haivuki 10. Kila herufi inayofuata huongeza kikomo mara mbili, kwa hiyo D huishia 20, E 40, F 80. Namba 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na 5 ni sekunde zinazopita tangu fueli iishe hadi chaji ya kufyatulia parachuti ilipuke.

Sasa ukiipima, utaona kwamba karibu hakuna sehemu ya muda wake inayofanana na hiyo 6. Msukumo hupanda haraka hadi nyutoni 14 hivi, hushuka kabla hata nusu sekunde haijaisha, kisha hutulia kati ya nyutoni 4 na 5 mpaka karibu sekunde 1.8. Kile kilele cha mwanzo kimekusudiwa. Fueli ina tundu dogo upande wa nozeli (mdomo wa kutokea gesi), hivyo eneo linaloungua mwanzoni ni kubwa, na roketi hupata kasi ya kutosha kabla haijaacha fimbo ya kurushia. Tundu likishaungua, moto huendelea kula fueli kuanzia mwisho mmoja kuelekea mwingine kwa kasi ile ile. Roketi nzito inayoyumba ikitoka kwenye fimbo ina tatizo la kilele, si la wastani, na kilele hakikuandikwa kwenye karatasi ya mota.

Siwezi kuweka mota juu ya mizani ya jikoni na kurekodi video ya kioo chake?

Utapata video nzuri na data mbaya. Mizani hiyo hubadilisha tarakimu mara chache tu kwa sekunde, tena imeundwa kulainisha usomaji ili tarakimu zisirukeruke unapopima unga. Kilele cha mota kitapita katikati ya tarakimu mbili bila kuonekana. Lakini usiitupe: ikiwa ndani yake kuna kipande kimoja cha alumini chenye waya nne nyembamba, hicho ndicho unachokihitaji.

Vifaa vya lazima ni vipi?

Seli ya mzigo (ndicho hicho kipande cha alumini), bodi ya kukuza ishara na kuigeuza kuwa tarakimu, bodi ndogo ya Arduino (kompyuta ndogo unayoiandikia programu) au inayofanana nayo, na mahali pa kuhifadhi data, yaani kadi ya SD au kompyuta iliyounganishwa kwa waya mrefu. Kisha ubao mzito au bamba la chuma la kitako, kishikio cha mota, bolti, na mfumo wa kuwashia kwa umeme wenye betri yake peke yake. Ukijaribu kuokoa pesa kwa kutumia betri moja kwa kuwashia na kwa kupimia, mkondo mkubwa unaopita kwenye kiwashio utaishusha volti ghafla, na Arduino itajizima na kuwaka upya katika sekunde ile ile uliyokuwa ukiisubiri.

Ninunue seli ya mzigo ya kilo ngapi?

Kilo moja ni sawa na nyutoni 9.8. Kilele cha C6 cha nyutoni 14 hivi ni kama kilo moja na nusu. D12 hufika nyutoni 30 hivi, yaani kilo tatu. Kwa hiyo seli ya kilo 5 inatosha kuanzia A hadi D, na ya kilo 10 inakupa nafasi ya kupima E. Acha nafasi juu ya kilele, kwa sababu mtikisiko wa kuwaka huongeza mzigo wa ghafla, na seli iliyopindishwa kupita uwezo wake hairudi tena kwenye sufuri yake.

Kishawishi cha kununua ya kilo 50 "ili iwe salama" ni kikubwa. Kipinge. Seli hizi hutoa ishara ndogo mno: ile yenye uwezo wa milivolti 1 kwa kila volti, ikipewa volti 5, hutoa milivolti 5 tu ikiwa imebeba mzigo wake wote. Ukitumia seli ya kilo 50 kupima nusu kilo, unatafuta sehemu moja ya mia ya hizo milivolti 5 katikati ya kelele za umeme.

Bodi ya HX711, ile ya kukuza ishara, inatosha? Wengine wanasema ni ya polepole.

Inatosha kuanzia, na wanaosema ni ya polepole wana haki pia. Chipu ya HX711 ina kasi mbili: usomaji 10 kwa sekunde au 80 kwa sekunde. Kasi huchaguliwa na pini iitwayo RATE. Bodi nyingi za bei nafuu huja zikiwa na pini hiyo imeunganishwa na upande wa hasi, kwa hiyo bodi inasoma mara 10 tu na hakuna mstari wa programu utakaobadilisha hilo. Lazima uikate njia hiyo ya shaba au uinyanyue pini kwa chuma cha kuchomelea, kisha uiunganishe na volti chanya. Watu wengi wanaolalamika kwamba mota yao "haina kilele" hawajafanya kazi hii ya dakika kumi.

Ikisoma mara 80, mota ya C6 itakupa pointi karibu 150, na hilo ni grafu nzuri. Mota fupi kama A8, inayoungua kwa chini ya sekunde moja, itakupa hamsini na kitu. Kuna jambo jingine ambalo maelezo ya wauzaji hulipitia juu juu: chipu ina kichujio cha ndani, na mzigo ukibadilika ghafla huhitaji usomaji minne kabla ya kutulia. Kwenye kasi ya 80 huo ni muda wa milisekunde 50. Kwa hiyo ncha kali ya kilele hukatwa kidogo, na kupanda kwa msukumo huonekana kwa ulaini kuliko ulivyo.

Anayetaka zaidi atafute chipu ya NAU7802, inayofika usomaji 320 kwa sekunde, au ADS1256, inayofika 30,000. Ushauri wangu ni kwamba usianze na hizo. Stendi yenye fremu legelege haiponywi na chipu ya haraka. Chipu ya haraka itakuonyesha tu ulegevu huo kwa undani zaidi.

Mota ielekee juu, chini, au ilale?

Hapa ndipo hoja nyingi huanzia, na kila upande una mantiki yake.

Mota ikilala, uzito wake hauingii kwenye kipimo na moto huelekea upande ulio wazi. Tatizo ni kwamba mota lazima iteleze kwenye kitu, na kila kinachoteleza kina msuguano. Msuguano wa nusu nyutoni hauonekani kwa macho, lakini ni asilimia kumi ya msukumo wa C6 iliyotulia. Wanaoijenga hivi vizuri hawatumii reli. Hufunga kishikio cha mota moja kwa moja kwenye ncha ya seli ili kusiwe na kitu chochote kinachoteleza.

Nozeli ikielekea chini, kama kwenye roketi halisi, utahitaji bamba la kukinga moto, na mota inavuta kuelekea juu. Kishikio kikiachia, umerusha roketi isiyo na mapezi. Siipendekezi kwa yeyote.

Nozeli ikielekea juu, mota hujikandamiza yenyewe kwenye seli. Hakuna msuguano, kiwashio hukaa ndani ya nozeli bila kudondoka, na mota ikilegea wakati inaungua haina pa kwenda. Ndiyo ninayoipenda. Gharama yake ni marekebisho ya uzito. Fueli ya C6 ni gramu 11 hivi, na inapoungua stendi inakuwa nyepesi kwa nyutoni 0.1. Utaona mstari wa grafu ukiishia chini ya sufuri badala ya kurudi pale ulipoanzia. Sahihisha kwa kuongeza kidogo kidogo kadiri fueli inavyopungua, ukianza na sufuri wakati wa kuwaka na kufikia nyutoni 0.1 fueli inapokwisha. Ukisahau, kosa ni kama asilimia moja ya jumla, na kusema kweli makosa mengine ya stendi yako yatakuwa makubwa kuliko hilo.

Chaji ya kufyatulia parachuti inatoka wapi?

Swali hili linapaswa kuulizwa kwanza, na kwa kawaida huulizwa baada ya seli kuungua. Mota nyingi za baruti nyeusi hazimalizi kazi fueli inapoisha. Baada ya sekunde za kuchelewa, chaji hulipuka kuelekea mbele, yaani upande usio na nozeli, ambao kwenye stendi ndio unaogusa seli ya mzigo. Gesi ya moto ikifungiwa hapo, itang'oa mota kutoka kwenye kishikio na kuichoma seli pamoja na waya zake.

Suluhisho ni mrija mfupi wa nafasi kati ya mota na seli, wenye matundu makubwa ubavuni ili gesi itoke pembeni, na bamba dogo la chuma juu ya seli kuzuia mwali. Kwenye stendi ya nozeli juu, mlipuko huo huisukuma mota kwenda juu, hivyo lazima kuwe na kizuizi pande zote mbili, si ule wa chini peke yake. Mota za hatua ya kwanza, zile zilizoandikwa sufuri mwishoni kama C6-0, hazina chaji lakini hurusha chembe za moto mbele fueli inapoisha, kwa hiyo nazo zinahitaji matundu hayo. Zenye herufi P mwishoni zimezibwa, na ndizo rahisi kuliko zote kwenye stendi kama zinapatikana katika daraja unalolitaka.

Kishikio kitengenezwe kwa bomba la chuma?

Hapana. Mota inaweza kupasuka, na mota iliyopasuka ndani ya bomba la chuma hugeuza bomba kuwa vipande vinavyoruka. Ganda la mota ni karatasi ngumu, na likipasuka mahali pa wazi hufanya kelele kubwa na madhara madogo. Tumia mrija wa karatasi wa mota uliogundishwa kwenye plaiwudi, au kitanda cha wazi chenye pete mbili. Kipenyo ni milimita 18 kwa mota za A, B na C za kawaida, na milimita 24 kwa D. Zungushia tepu ya karatasi hadi mota ikae imara bila kuchezacheza.

Grafu yangu ina meno kama msumeno. Ni mota au ni stendi?

Karibu kila mara ni stendi. Seli ya mzigo hupima kwa kupinda, na kitu kinachopinda kikiwa kimebeba uzito hutikisika kwa kasi yake ya asili kama kamba ya gitaa. Mota inapowaka, ni kama umeigonga.

Unaweza kukadiria kasi hiyo. Tuseme seli ya kilo 5 hupinda nusu milimita ikibeba mzigo wake wote. Ugumu wake basi ni karibu nyutoni 98,000 kwa kila mita. Ukiibebesha kishikio na mota vyenye jumla ya gramu 200, itatikisika mara 111 hivi kwa sekunde. Ukiweka kishikio cha chuma kizito chenye kilo nzima, inashuka hadi mara 50. Hapo kuna mtego: mtikisiko wa mara 50 ukisomwa mara 80 kwa sekunde huonekana kwenye grafu kama mtikisiko wa mara 30, kitu ambacho hakipo kabisa. Utakaa usiku ukitafuta kinachotikisika mara 30.

Kwa hiyo kanuni ya ujenzi ni kinyume cha silika: kitako kiwe kizito kadiri unavyoweza, lakini chochote kilicho juu ya seli kiwe chepesi na kigumu. Bolti zikazwe. Seli ikae juu ya vipande viwili vidogo vya chuma, kimoja kila ncha kwa pande tofauti, ili sehemu yake ya katikati iwe huru kupinda bila kugusa mbao. Usiweke mpira wala sponji chini ya mota kwa matumaini ya "kumeza" mtikisiko; utapunguza ugumu na kuharibu zaidi.

Jaribio la haraka: washa kurekodi, gonga kishikio kwa kalamu, angalia grafu inachukua muda gani kutulia. Ikiendelea kuyumba baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, rudi kwenye bolti.

Habari njema ni kwamba mtikisiko huongeza hapa na kupunguza pale, kwa hiyo eneo lililo chini ya grafu halibadiliki sana. Jumla ya msukumo inaweza kuaminika hata pale kilele kinapodanganya. Ndiyo maana napendekeza kila mgeni wa kazi hii aiamini jumla kwanza, na asitangaze kilele chochote mpaka stendi yake ipite jaribio la kalamu.

Nitaisawazishaje ili tarakimu ziwe nyutoni?

Kwa uzito unaojulikana, na kupitia stendi nzima. Wengi huisawazisha seli ikiwa mezani, kisha huifunga kwenye fremu inayoipinda kidogo, na kila kitu kinabadilika. Funga kila kitu kwanza, pamoja na ganda tupu la mota iliyotumika, halafu weka uzito pale ambapo mota itasukuma. Chupa za maji zilizopimwa kwenye mizani nzuri zinatosha: lita moja ya maji ni kilo moja, ongeza uzito wa chupa.

Chukua angalau vipimo vitano kuanzia sufuri hadi karibu na kilele unachokitarajia, ukipanda kisha ukishuka. Pointi zinapaswa kukaa kwenye mstari mnyoofu. Zikipinda, kuna kitu kinachogusa mahali pasipostahili. Kama usomaji wa kupanda na wa kushuka hautofautiani tu kwa bahati bali daima kwa upande mmoja, kuna msuguano.

Kwa stendi iliyolala, isimamishe kwa ncha yake ukiisawazisha. Kapi na kamba huongeza msuguano wake wenyewe. Na kuhusu mvutano wa dunia: ni 9.78 kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha za dunia, hivyo anayetumia 9.81 popote alipo hakosei hata nusu ya asilimia. Kuna mambo mengine ya kukunyima usingizi.

Programu ya Arduino ina mtego gani?

Miwili. Wa kwanza ni kasi ya mawasiliano na kompyuta. Mifano mingi hutumia 9600, ambayo hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Mstari mmoja wenye muda, alama ya mkato na usomaji wa seli ni herufi 18 hivi, kwa hiyo ni mistari 53 tu inayopita kwa sekunde wakati chipu inatoa 80. Mingine hupotea, na hutaambiwa. Tumia 115200.

Wa pili ni kudhani kwamba usomaji huja kwa vipindi sawa. Andika muda wa kila usomaji kutoka kwenye saa ya Arduino. Saa ya ndani ya HX711 haina usahihi mkubwa, na bodi iliyoandikwa 80 inaweza kutoa pungufu au zaidi kidogo. Kosa hilo litaingia moja kwa moja kwenye jumla ya msukumo.

Anza kurekodi sekunde kadhaa kabla ya kuwasha na uendelee mpaka baada ya chaji. Sufuri ya kabla na sufuri ya baada ndiyo mashahidi wako.

Nimepata safu mbili za tarakimu. Nizifanyie nini?

Toa sufuri ya mwanzo, zidisha kwa kigezo ulichokipata wakati wa kusawazisha, chora. Jumla ya msukumo ni eneo lililo chini ya mstari: kwa kila jozi ya pointi zinazofuatana, chukua wastani wa misukumo miwili uuzidishe kwa muda ulio kati yake, kisha jumlisha vyote. Kwa mfano, 4.6 na 5.0 zikitenganishwa na sekunde 0.0125 huchangia nyutoni-sekunde 0.06. Programu yoyote ya majedwali huifanya kazi hii.

Muda wa kuungua huhesabiwa tangu msukumo unapofika asilimia 5 ya kilele hadi unaposhuka tena chini ya asilimia 5. Ukijichagulia mwanzo na mwisho kwa jicho, wastani wako hautalinganishika na wa mtu mwingine.

Kisha fanya ukaguzi huu, ambao kwangu ndio wenye thamani kuliko yote. Gawanya jumla ya msukumo kwa uzito wa fueli iliyotajwa na kiwanda, kwa kilo, kisha gawanya kwa 9.81. Mota ya baruti nyeusi hutoa jibu lililo karibu na sekunde 80. Mota za fueli ya mchanganyiko wa kisasa hufika karibu 200. Ukipata 150 kwa mota ya baruti nyeusi, hujagundua mota ya ajabu. Usawazishaji wako una kasoro.

Nataka data yangu iingie kwenye programu ya kuigiza safari ya roketi.

Iandike kama faili ya maandishi yenye kiambishi cha .eng. Programu kama OpenRocket huisoma. Mistari ya maelezo huanza na nukta mkato. Mstari wa kichwa una, kwa mpangilio huu: jina la mota, kipenyo kwa milimita, urefu kwa milimita, sekunde za kuchelewa, uzito wa fueli kwa kilo, uzito wa mota nzima kwa kilo, na mtengenezaji. Baada yake ni jozi za muda na msukumo. Usianze na muda sufuri, kwa sababu programu inaujua tayari, na jozi ya mwisho lazima iwe na msukumo wa sufuri. Punguza pointi zako hadi thelathini hivi, nyingi zikiwa kwenye kilele na chache kwenye sehemu tulivu.

Kwa nini matokeo yangu hayalingani na ya kiwanda?

Kama tofauti ni asilimia chache, yanalingana. Mota za baruti hazifanani hata zikitoka kwenye pakiti moja, na umri, joto la siku hiyo na hali ya kuhifadhiwa vyote vina mchango. Pima angalau tatu kabla ya kusema neno. Zikikubaliana zenyewe kwa zenyewe lakini zote zikawa pungufu kwa kiasi kile kile, tafuta kosa la usawazishaji. Zikitawanyika ovyo, tafuta msuguano, waya wa kiwashio unaovuta mota, au upepo.

Je, ninaweza kupima mota niliyoitengeneza mwenyewe?

Stendi hii haikusudiwi hilo. Hatari kubwa haiko kwenye stendi, iko kwenye kuchanganya na kushindilia, mahali ambapo hakuna umbali wowote kati yako na fueli. Mchezo huu wenyewe ulizaliwa kwa ajili ya kuwaondoa vijana huko: mwaka 1954 Orville Carlisle wa Nebraska, Marekani, alitengeneza roketi ndogo yenye mota ya kubadilishwa, na mwishoni mwa muongo huo yeye na G. Harry Stine, kisha Vernon Estes na mashine yake ya kutengenezea mota, waliwawezesha watu kurusha bila kugusa baruti. Zaidi ya hayo, mota isiyojulikana haina kilele kinachojulikana, kwa hiyo huwezi kuchagua seli, kishikio wala umbali wa kusimama.

Nisimame mbali kiasi gani?

Kanuni za usalama za chama cha roketi ndogo cha Marekani, NAR, zinataka angalau mita 5 hivi wakati wa kurusha mota za hadi D, na mita 9 kwa kubwa zaidi. Kwenye stendi ningechukua hizo 9 kwa mota zote, tena nyuma ya kizuizi, kwa sababu hapa mota haiondoki. Vaa miwani ya kinga. Ondoa majani makavu, weka ndoo ya maji au mchanga karibu. Mfumo wa kuwashia uwe na ufunguo unaochomolewa, na ufunguo huo ukae mfukoni mwa anayeunganisha waya, asiachiwe mwingine. Mota ikikataa kuwaka, chomoa ufunguo, subiri dakika nzima, ndipo uisogelee. Angalia pia sheria za unakoishi. Mahali pengine hata kununua mota kunahitaji kibali.

Mota iliyoanguka sakafuni au iliyokaa kwenye gari lenye joto kali?

Usiipime. Fueli ya baruti nyeusi ni bonge moja lililoshindiliwa. Likipata ufa au likiachana na ganda, moto hupata eneo kubwa la kuungua kwa ghafla na mota hupasuka.

Stendi inaweza pia kupima sekunde za kuchelewa?

Ndiyo. Mlipuko wa chaji huacha alama ndogo kwenye grafu. Urefu wa alama hiyo usiuamini, kwa kuwa ni mfupi mno kwa HX711, lakini muda wake unatosha kabisa. Hesabu tangu fueli ilipoisha, si tangu mota ilipowaka.

Seli ya mzigo hudumu kwa muda gani?

Mpaka sufuri yake ianze kutembea. Linganisha usomaji wa stendi tupu kabla na baada ya kila siku ya majaribio, na uandike kwenye daftari. Mabadiliko madogo yanayofuata joto la mchana ni ya kawaida. Sufuri iliyohama na isirudi hata seli ikipoa usiku kucha inamaanisha alumini imepinda kwa kudumu au gundi ya vihisi imeungua. Ifungue, weka mpya, na usawazishe upya kuanzia chupa ya kwanza.